Kiti cha Nyuma cha Benzi

Rangwe,
9 Januari 2025

Kwa Fundi Maranga,

Salamu. Natumaini wewe na Irine ni wazima huko Migori. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi za kanisa.

Najua barua hii itakushtua. Miaka minne iliyopita, nilipokataa kuwapokea wazee wako wa posa na ninyi mkaenda kuandikishana ndoa kwa DC, nilisema mbele ya watu kwamba sitazungumza na wewe. Sijabadilisha neno langu. Lakini kuandika si kuzungumza, kwa hivyo naandika.

Shida ni gari. Unalijua Benzi la marehemu mume wangu, lile la dizeli, rangi ya maziwa. Limekwenda kilomita 781,000. Mafundi wanne wa Homa Bay wamelitazama na wote wameniambia niliuze kama chuma chakavu. Wa mwisho hata hakufungua boneti. Alisoma kilomita, akapiga mluzi, akaenda zake.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Nikizima kwa ufunguo, injini haizimiki. Naondoa ufunguo, nashuka, nafunga mlango, nalo linaendelea kunguruma uani kama linanidhihaki. Pia kwenye mlima mshale wa joto unapanda hadi karibu na nyekundu.

Sitaki kuliuza, na sababu si mapenzi ya gari. Shemeji yangu Maxwell amenishtaki. Anadai shamba hili ninaloishi ni la ukoo wao na mimi mjane nimelikalia tu. Marehemu alilinunua kwa Mzee Oyaro, ambaye siku hizi anaishi kwa binti yake karibu na Rongo. Nijuavyo mimi, kati ya wote waliokuwepo siku ya kuuziana, ni yeye pekee aliye hai. Ana miaka themanini na minne, na nyonga yake iliwahi kuvunjika. Tulijaribu kumleta kwa teksi, hakumaliza hata kilomita mbili akaomba ashushwe, machozi yanamtoka. Kiti pekee anachoweza kukikalia mpaka Homa Bay ni kile cha nyuma cha Benzi. Kesi inasikilizwa huko tarehe 27 Februari.

Nasikia unayafahamu magari haya. Kama unaweza kunielekeza kwa barua, nitafanya. Kama huwezi, niambie mapema.

Mimi,
Mwalimu Filister, mama yake Irine

*

Migori,
14 Januari 2025

Kwako Mama,

Pokea salamu nyingi za heshima. Sisi huku tuko wazima, Mungu anasaidia, mvua tu ndiyo imekataa. Pole kwa magoti.

Mama, kwanza usiogope hizo kilomita. Hiyo gari ikitunzwa, kilomita si kitu. Nimefungua injini kama hiyo ya kilomita laki tisa na bado ilikuwa na nguvu. Kinachoua hizi gari ni watu wa kusema "weka tu maji."

Kuhusu kutozimika: hiyo injini haizimwi na umeme, inazimwa na upepo. Kuna pampu mbele ya injini inavuta upepo kupitia paipu nyembamba za mpira. Paipu ikipasuka, ufunguo hauna kazi. Fungua boneti, angalia upande wa kushoto ukiwa umekaa kama dereva, utaona kijiti kimeandikwa STOP. Bonyeza, ushikilie, itazima. Lakini weka handbreki kwanza, na usivae leso yenye ncha zinaning'inia karibu na feni.

Nimekutumia paipu mpya kwa hii parcel. Nimechora mahali zinaingia. Uking'oa moja, chomeka nyingine papo hapo kabla hujang'oa ya pili, ndiyo usichanganye.

Usiendeshe mlimani kwanza. Ukimaliza hii, tutaenda kwa joto.

Irine aliniona nikifunga parcel. Alinipokonya kamba akafunga upya, vizuri kuliko mimi.

Mimi mume wa Irine,
Fundi Maranga

*

Rangwe,
3 Februari 2025

Kwa Fundi Maranga,

Salamu kwako na kwa huyo mfunga kamba. Mimi ni mzima.

Limezimika kwa ufunguo. Niliifanya kazi hiyo mwenyewe Jumapili asubuhi, mchoro wako nimeubana kwenye kioo kwa kibanio cha nguo. Ilinichukua saa tatu. Nilipogeuza ufunguo na kusikia kimya, nilikaa palepale kwenye kiti nikacheka peke yangu.

Nikiwa bado na mafuta mikononi, Maxwell aliingia uani na mtu mwenye lori la kununua vyuma.

"Shemeji," akasema, "nimekuletea mteja kabla kutu haijalimaliza."

"Nani amekuambia linauzwa?"

"Gari la marehemu ndugu yangu haliwezi kuchezewa na mwanamke. Tazama, hata haliwaki."

Nikaingia, nikaliwasha. Nikalizima. Nikaliwasha tena. Yule mtu wa vyuma akamwambia, "Mzee, hii ni nzima kuliko lori yangu," akaondoka. Maxwell akamfuata. Akiwa langoni akageuka: "Tutaonana mahakamani. Kama huyo mzee wako atafika."

Kwa hivyo sasa nipe dawa ya joto.

Nakurudishia barua yako. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Gari ni ngeli ya LI-YA: si "hiyo gari ikitunzwa", ni "gari hilo likitunzwa". Maelezo ya kazi yenyewe ni mazuri sana. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa nane kwa kumi.

Mama Irine

*

Migori,
10 Februari 2025

Kwako Mama,

Salamu za heshima. Tuko salama, na mvua imeanza.

Nimepokea masahihisho. Irine alicheka hadi akakaa chini. Nitajaribu, lakini huku garage nikisema "gari hilo" wateja watadhani nimeokoka.

Kwa joto, nakutumia vitu viwili. Kidogo cha shaba ni thermostat, ndiyo mlango wa maji ndani ya injini. Yako itakuwa imekwama nusu. Kikubwa ni klachi ya feni, nimeitoa kwa gari lingine (LI!) lililogongwa nyuma. Hiyo kubwa usifanye mwenyewe, itakushinda nguvu. Tafuta fundi, lakini simama hapo hapo na barua yangu mkononi. Akitaka kuchota maji ya bomba, mkataze. Dawa ya redieta inauzwa kwenye mtungi wa bluu, ichanganywe nusu kwa nusu na maji safi yaliyochemshwa.

Kabla ya tarehe 27 endesha mpaka Homa Bay na kurudi, peke yako, ukiangalia mshale. Ukikaa chini ya mia, gari liko tayari kubeba mzee.

Hongera kwa hayo ya lori. Nimesimulia hapa mara tatu.

Mkwe wako,
Maranga

*

Rangwe,
28 Februari 2025

Kwa Maranga,

Salamu. Natumaini hamjambo. Mimi nina afya, ila nina hasira, na nimeona heri niandike nikiwa nayo kuliko kuimeza.

Gari halikuwa na neno. Jana nilitoka hapa alfajiri, nikafika Rongo, na Gesare, binti yake Mzee Oyaro, akamtoa babake amevaa koti la harusi. Tulimweka nyuma. Akakipapasa kile kiti, akasema, "Hapa nitaweza." Tulipofika Rodi Kopany alikuwa amelala anakoroma. Mshale wa joto haukutikisika.

Tulikaa kwenye benchi ya mahakama mpaka saa sita. Halafu wakili wa Maxwell akatuma mtu kusema ni mgonjwa. Kesi ikaahirishwa hadi tarehe 15 Mei. Yule mgonjwa nilimwona saa nane akila samaki hotelini karibu na stendi, na alikuwa na hamu nzuri ya chakula.

Wanangoja Mzee achoke. Au afe. Nilimwambia hivyo njiani, sikutaka kumficha. Akanijibu, "Mwalimu, mimi nilipokea pesa ya mume wako na nikampa udongo mkononi. Nitasema hivyo hata nikibebwa."

Basi tutarudi. Wakiahirisha mara kumi, tutarudi mara kumi na moja.

Jambo moja. Wakati wa kurudi nilisikia sauti mpya mbele ya injini, kama mtu anatikisa njugu kwenye kopo. Ukikanyaga mafuta inapotea. Ni nini?

Mama Irine

*

Migori,
8 Machi 2025

Kwako Mama,

Salamu. Sisi wazima. Pole sana kwa hiyo safari ya bure.

Mama, nakuomba usome hii barua pole pole. Usiliwashe hilo gari tena.

Hizo njugu ni pampu ya upepo, ile ile niliyokuambia. Ndani yake kuna gololi. Zikishaanza kulia, siku yoyote pampu inavunjika, gololi zinaangukia kwenye cheni ya injini, na cheni ikiruka, injini imekwisha. Na breki inakuwa ngumu kama mawe. Ni kosa langu pia. Ningeshuku pampu tangu siku ile halikuzimika, lakini nilifikiria paipu tu.

Hii haifanyiki kwa barua. Lazima mkono wangu ufike. Najua sijawahi kupokewa kwako na siwezi kuingia boma lako kama mtu wa kupita. Basi tukutane nje. Kuna kituo cha mafuta pale Rangwe, nitakuja na vifaa, nitafanyia kazi hapo hapo, na hutahitaji hata kunisalimia. Niambie tu siku.

Mkwe wako,
Maranga

*

Migori,
20 Aprili 2025

Kwako Mama,

Salamu. Sijui kama barua ya mwezi uliopita ilikufikia. Kampuni ya parcel wanasema uliichukua na kutia sahihi.

Pampu ninayo, na cheni mpya ninayo. Vimekaa juu ya kabati, Irine anavipangusa vumbi. Anauliza kila jioni kama umejibu, halafu anajifanya hakuuliza.

Kama ni mimi nimekosea maneno, nisamehe. Lakini gari usiendeshe. Namba yangu ya simu nimeiandika chini, kubwa.

Mkwe wako,
Maranga

*

Rangwe,
18 Mei 2025

Kwa Maranga,

Salamu kwako na kwa Irine. Natumaini mgongo wako, ulioumia siku ya kesi, umepoa.

Siku ile sikukuambia neno la maana. Kulikuwa na haraka, na baadaye kulikuwa na watu. Sasa nataka niandike kwa utaratibu.

Barua zako zote mbili nilizipata. Niliziweka kwenye droo. Nilipofika pale uliposema kwamba sitahitaji hata kukusalimia, niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. Nikajiambia kwamba kijana huyu anatia chumvi ili apate kufika huku. Nilijua si kweli. Mwalimu mzima, nimesomesha miaka thelathini na mbili, nikaacha kusoma kilichoandikwa mbele yangu.

Gari lilipokufa pale juu ya mlima, kilomita chache tu kutoka Rongo, kulikuwa na mlio mmoja kama sahani zinavunjika, kisha kimya. Breki ilikuwa kweli kama mawe. Nilisimamisha kwa handbreki nikielekeza magurudumu kwenye ukingo. Mzee Oyaro, nyuma pamoja na Gesare, aliuliza kwa utulivu, "Tumefika?" Ilikuwa saa mbili na nusu. Kesi ilikuwa saa tano. Ndipo nikakupigia. Nadhani nilisema tu, "Maranga, gari limekufa na mzee yuko ndani," na wewe ukasema, "Mama, usishuke barabarani, nakuja." Hukuuliza kwa nini niliendesha. Mpaka leo hujauliza.

Ulipofika na ile pikapu ya garage, nikaona kiti chake kimoja kigumu cha mbele, nilijua tumeshindwa. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumwambia Gesare. Na wewe ukafungua mlango wa nyuma wa Benzi, ukamhamishia Mzee kwa upole kwenye kiti cha mbele, ukaingiza mikono chini ya kile cha nyuma, ukakivuta, kikatoka chote. Ulipokuja na spana kutoa na egemeo lake, nilidhani umerukwa na akili. Kumbe ulikuwa umekwisha kuona akilini pikapu yako na kiti cha Benzi nyuma yake, kimefungwa kamba pande nne.

Sitaisahau safari ile. Mzee katikati, mimi kulia, Gesare kushoto ameshika mwavuli. Watu wa Rodi Kopany walisimama kutupungia. Yule askari wa kizuizi cha barabarani alipouliza, "Mzee, hii mmekalia nini?" na Mzee akamjibu, "Benzi," alicheka hata akasahau kutuuliza lingine. Mimi nilicheka pia. Sikuwa nimecheka na watu tangu nilipofiwa.

Hukuingia ndani ya mahakama kwa sababu nguo zako zilikuwa na mafuta. Kwa hivyo sikia. Tuliitwa saa tano na dakika ishirini. Wakili wa Maxwell alikuwa tayari ameomba utetezi wetu ufungwe kwa kukosa shahidi. Mzee Oyaro aliapishwa akiwa amesimama, akakataa kukaa. Wakili akamwambia umri wake unaweza kumchanganya. Mzee akamtajia mwezi, akamtaja mnunuzi, akamtaja aliyeshika kamba ya kupimia. Kisha akamgeukia Maxwell. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa na shati la kijani. Ndiwe uliyechimba shimo la mpaka wa juu, ukaniomba maji."

Maxwell akatazama sakafu. Hakimu akamwuliza kama ni kweli. Akasema hakumbuki maji.

Uamuzi utasomwa tarehe 24 Julai.

Gari liko kwako sasa. Niambie ukweli wote, hata kama ni mbaya. Safari hii nitausoma.

Mama Irine

*

Migori,
2 Juni 2025

Kwako Mama,

Salamu nyingi. Mgongo umepona. Irine anakusalimia. Amesema niandike hivyo, kwa jina.

Kwa nini uliendesha sikuuliza kwa sababu nilijua. Ungekaa nyumbani, Mzee angekosa kufika. Hata mimi ningeendesha.

Ukweli ni huu. Nimefungua injini. Gololi ziliingia kwenye cheni, cheni ikaruka, valvu sita zimepinda, pistoni moja imepigwa. Kila fundi aliyepita hapa amesema nitafute injini nyingine au tuchinje gari, tuuze vipande. Lakini nimepima silinda zote tano. Ukuta hauna mkwaruzo. Kilomita 783,000, Mama, na bado alama za kiwandani zinaonekana! Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anabadilisha oil kwa wakati. Injini ya mtu kama huyo sitaitupa.

Itachukua miezi miwili, kwa sababu nafanya baada ya kazi za wateja na vifaa vingine natafuta kwa magari yaliyokufa. Irine akitoka kufundisha anavaa ovaroli langu la zamani, anaosha valvu kwa dizeli. Jana alisema wewe ungeziosha vizuri zaidi. Nikamwambia akuambie mwenyewe. Akaosha zingine.

Kiti nimekirudisha ndani ya gari. Spring moja ilikuwa imekatika, nimeifunga.

Mwanao,
Maranga

*

Rangwe,
26 Julai 2025

Kwa mwanangu Maranga,

Salamu kwenu wote wawili. Mimi ni mzima, na leo nimelala mpaka jua limechomoza, jambo ambalo sikumbuki lini nililifanya.

Hakimu amesoma. Shamba alilouza Mzee Oyaro ni langu, lote, na nyumba iliyomo. Kipande cha chini karibu na mto, kile ambacho marehemu alipewa na baba yao, nitagawana na Maxwell. Wakili wangu anataka tukate rufaa kwa hicho cha mto. Nimekataa. Nilichopigania nimekipata, na mto hufurika.

Maxwell alinifuata nje. Sikumpa mkono. Akasema, "Shemeji, shati lilikuwa la kijani kweli." Nikamwambia najua. Tukaachana hapo. Labda siku moja tutazungumza, sijui.

Nilikwenda Rongo kumwambia Mzee. Alitaka kujua kama kiti kimerudi mahali pake.

Sasa nina neno lingine. Wazee wako walipotaka kuja, sikuwakataa kwa sababu ni Wakuria na si kabila letu, ingawa niliwaacha watu waamini hivyo, na hiyo ni dhambi yangu. Nilitaka mkwe wa ofisini. Nilitaka Irine asiolewe na mikono yenye mafuta. Naandika haya wazi ili usije ukanitafutia sababu nzuri zaidi, maana naona una tabia hiyo.

Waambie waje. Desemba, shule zikifungwa. Nitawapokea mimi, kwenye boma langu, na hakuna wa kuniuliza.

Irine nitamwandikia yake. Nimeianza mara tatu.

Mama yako,
Filister

*

Migori,
7 Agosti 2025

Kwako Mama,

Salamu. Tuko salama salmini.

Barua niliwasomea wazee nyumbani kwetu Kehancha. Babangu aliuliza kama Desemba kuna matope huko kwenu. Hiyo kwake ni ndiyo.

Ile ya Irine imefika. Aliisoma chumbani, mlango umefungwa. Hajaniambia imesema nini na sijauliza. Lakini amenunua mapazia mapya, na mapazia yetu hayakuwa na shida.

Jana saa kumi jioni injini imewaka. Ilizunguka mara nne, ikakohoa moshi mweupe, ikashika. Nimeiacha ikinguruma nusu saa, nimesikiliza kila upande. Hakuna njugu. Nimezima kwa ufunguo, ikazima.

Sasa sikia, hii ni muhimu kama ile ya kwanza. Hiyo injini ni mpya ndani. Kilomita elfu moja za kwanza usipite themanini kwa saa, usipakie mzigo mzito, usiache ikinguruma bure. Iendeshe safari za kadiri, ipate moto, ipoe. Zikifika hizo elfu moja, lazima oil imwagwe, na nataka kumwaga mwenyewe, niangalie kama kuna chuma.

Sitakuletea gari. Njoo ulichukue. Nyumba yetu iko nyuma ya garage, mlango wa kijani.

Mwanao,
Maranga

*

Rangwe,
13 Agosti 2025

Mwanangu Maranga,

Salamu kwako na kwa Irine. Mimi ni mzima, na magoti yametulia.

Nitafika Jumapili tarehe 17 kabla ya saa sita. Mwambie Irine asinunue samaki, nakuja nao wa Homa Bay, wabichi.

Maelekezo ya injini nimeyaelewa, na nimepiga hesabu. Kutoka kwenu hadi hapa ni kilomita sabini. Nikilileta gari nyumbani siku hiyo, kisha nikaja kwenu na kurudi mara sita, itakuwa mia tisa na kumi. Safari ya saba nikifika mlangoni kwenu zitakuwa mia tisa na themanini, na hapo utamwaga oil.

Jumamosi, siku ya Sabato, siendeshi, na siku za kazi ninyi mna shughuli. Kwa hivyo nitakuwa nakuja kila Jumapili mpaka tarehe 5 Oktoba. Sitapita themanini.

Mama yako,
Filister